Ngazi Pana

Mama zangu, kaka zangu, hebu tuingie katika jengo moja kuukuu la ghorofa nne, katikati ya mji. Rangi ilikuwa imebanduka na mabomba yalivuja, lakini ngazi zake zilikuwa pana. Watu wawili wenye mizigo walipishana bila kuombana radhi. Mwenye jengo alilirithi kwa baba yake, akaamua kuligeuza liwe la nyumba za kifahari, auze moja moja kwa watu wenye nafasi zao. Wapangaji walipokwisha kuhama, akamkabidhi kazi fundi mwashi mmoja, mwanamke. Miaka kumi na miwili mama huyo alikuwa amebeba zege kichwani kwa mafundi wengine. Hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kusimamia. Safari hii ramani ilikuwa mkononi mwake.

Siku ya kuanza kuvunja ngazi, aliitazama ile ramani mara mbili. Ngazi zilitakiwa kupunguzwa upana kwa nusu, ipatikane nafasi ya lifti na ya chumba cha kuvalia nguo kwa kila nyumba.

"Bosi," akasema, "kwenye kona hii jeneza halitapita."

"Acha uchuro, fundi! Mimi nauza nyumba za kuishi, wewe unaniletea habari za makaburi?"

"Watu wa ghorofa ya nne nao hufa, bosi."

"Watashuka na lifti."

"Lifti hiyo ni ya watu wanne, tena waliosimama."

"Neno moja tena, na Jumatatu naleta fundi mwingine."

Mafundi wakainamisha vichwa. Ingekuwa wewe, ungefanyaje? Si ungechukua nyundo ukavunja, ukasema moyoni, nyumba ni yake, shauri yake?

Yeye alichukua chaki. Akachora sakafuni upana wa ngazi mpya, pamoja na kona yake. Kisha akawaita mafundi wanne wabebe mlango uliong'olewa, waupitishe kati ya mistari bila kuikanyaga. Hakusema neno. Wakaenda vizuri mpaka kwenye kona, wakakwama. Wakarudi nyuma, wakauinamisha, wakaulaza ubavu. Mwisho wakausimamisha wima.

"Basi marehemu atashuka amesimama kama yuko kwenye gwaride!" akasema mmoja, na wenzake wakaangua kicheko.

Mwenye jengo hakucheka. Aliukodolea macho ule mlango.

"Baba yangu tulimshusha kwa ngazi hizi," akasema polepole. "Mimi nilibeba mbele, upande wa kulia." "Haya, ziache zilivyo. Lakini wanunuzi wasiambiwe kwa nini."

Jengo likang'aa. Wanunuzi walipouliza mbona ngazi zimekula nafasi namna ile, wakajibiwa kwamba ndio mtindo wa siku hizi. Mwenye jengo naye akahamia ghorofa ya nne na mkewe, ambaye alikuwa mjamzito.

Mchana mmoja umeme ukakatika na jenereta likagoma. Lifti ikasimama kimya. Saa hiyohiyo uchungu ukamshika mke wa mwenye jengo, naye hakuweza kusimama wala kukaa. Yule fundi alikuwa uani akiziba ufa wa ukuta. Aliposikia kelele alitupa mwiko, akapanda mbio. Majirani, ambao hata majina walikuwa hawajuani, wakatoka milangoni. Wakamlaza mama juu ya godoro, watatu huku, watatu huku, na fundi akashika upande wa kichwa. Wakashuka ghorofa zote nne na hawakukwama kwenye kona hata moja.

Kabla jua halijazama, mtoto alikuwa amelia hospitalini.

Nje ya wodi mwenye jengo akamwambia, "Fundi, kumbe ngazi ulizipigania kwa ajili ya walio hai."

"Hata mimi sikujua, bosi. Nilikuwa nawaza jeneza tu."

Mnasikia, ndugu zangu? Sisi anayetukumbusha kifo tunamwambia analeta uchuro. Tunajipangia maisha kama vile umeme hautakatika kamwe, na njia tunaiacha nyembamba, ya mtu mmoja, tena mzima wa afya. Wewe umekosana na dada yako, mwaka wa tatu huu, unajiambia muda bado upo. Nani kakuambia? Nenda leo ukampe mkono. Utadhani unajiandaa kufa, na huenda ukaona haya, watu wakakucheka. Nenda tu. Wewe unawaza jeneza, lakini Mungu anajua kwamba kuna mtoto anakuja.