Siku Amiri Alipotangulia Kusema

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa pembezoni mwa jangwa alikuwako amiri aliyeitwa Sinani bin Wahabu, mtu wa swala na saumu, asiyekula mpaka ajue jirani yake amekula. Nayasema haya mapema msije mkadhani nawasimulia habari za dhalimu. Laiti angekuwa dhalimu, kisa hiki kisingenitisha hivi.

Amiri Sinani alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake. Kila lilipokutana baraza la vita, yeye alikuwa wa mwisho kusema. Alianza akida wa cheo cha chini kabisa, wakapanda hivyo hivyo mpaka kwa jemadari mkuu, na muda wote huo Amiri ameinamisha kichwa anavuta tasbihi, uso wake hauonyeshi lipi limempendeza na lipi limemchukiza. Kwa hiyo kila mtu alisema lililomo moyoni mwake. Ndipo Amiri akatoa uamuzi, na jeshi likaufuata bila manung'uniko.

Basi ikazuka vita. Adui akavamia kijiji cha mpakani, akakichoma moto, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo kijana wa dada yake Amiri. Habari ilimfikia asubuhi, baraza likiwa limekwisha kukusanyika. Akaingia macho mekundu, hata hakuketi, akasema, "Tutapita Bonde la Ghabra tuwatokee kwa nyuma. Tunatoka kesho. Mwenye woga na abaki nyumbani na wanawake. Haya, mnaonaje?"

Wataonaje tena watu walioambiwa hivyo? Maakida wakasema mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema shauri la Amiri ndilo shauri. Zamu ikamfikia jemadari mkuu, Mughithi bin Ausi. Huyu utoto wake wote alichunga mbuzi katika bonde lile, na alijua kwamba msimu kama ule visima vyake vyote hukauka. Alijua, tena vyema kabisa. Akamtazama Amiri usoni, akaona uchungu wa mfiwa, akaona pia kwamba akipinga ataitwa mwoga mbele ya maakida walio chini yake. Akainama, akasema, "Tumesikia na tumetii."

Subhanallah. Maneno ambayo muumini humwambia Mola wake, yeye akayatumia kujifichia.

Jeshi likatoka likiongozwa na Mughithi, Amiri akabaki mjini. Nitafupisha hapa, maana mengine hayasemeki. Kisima cha kwanza walikuta mchanga, na cha pili hivyo hivyo. Wakajipa moyo kwamba cha mbele hakiwezi kukosa, wakasonga, na huko nako wakakuta mchanga. Adui alikuwa amekaa kivulini kwenye mdomo wa bonde, wala hakuhitaji kuchomoa upanga. Mughithi alipogeuza jeshi, wengi hawakuwa na nguvu tena za kurudi. Vijana wakachimba kwa kucha mpaka wakafia kwenye mashimo waliyoyachimba. Waliofika mjini walikuwa wachache, wamefungwa kwa kamba juu ya ngamia wasianguke, midomo imepasuka hata hawawezi kutamka majina ya wenzao. Mughithi alikuwa miongoni mwao, na mji mzima ukamwona akipita langoni yu hai.

Palikuwa na mama mjane aitwaye Raihana. Wanawe watatu walitoka na jeshi lile, na hakurudi hata mmoja. Akaenda kwa Kadhi kudai shingo ya jemadari, na watu wote wakawa nyuma yake. Kadhi akapanga kuisikiliza kesi katika ua wa msikiti baada ya swala ya Alasiri.

Kabla ya wakati huo Waziri alimwendea Amiri faraghani. "Bwana wangu, usiende kule," akamwambia. "Adui bado yuko nje. Watu wakimchoka jemadari tutaweka mwingine. Wakikuchoka wewe, nani atawazuia wasimfungulie adui milango? Na Mughithi mwenyewe ameridhia kuubeba mzigo huu."

Kweli alikuwa ameridhia. Lakini Amiri alikwenda msikitini, akaketi nyuma ya watu.

Kadhi akamwuliza Mughithi, "Ulijua kwamba visima vimekauka?"

"Nilijua, Maulana Kadhi."

Ua mzima ukaguna. Kuna watu waliokuwa wakimtetea mpaka dakika ile, nao wakanyamaza.

"Ulimweleza Amiri?"

"Sikumweleza."

"Kwa nini?"

Mughithi akainamisha macho. Kadhi akarudia swali, akarudia tena, na jibu likawa, "Sina la kusema. Nihukumu."

Kadhi alikuwa amekwisha kufungua kinywa kutoa hukumu Amiri alipoinuka. Waziri akamshika mkono wa kanzu, naye akauvuta mkono wake. Akapita katikati ya watu, akaketi chini, ubavuni kwa mshitakiwa.

"Maulana Kadhi," akasema, "siku ile niliyeanza kusema ni mimi. Niliingia na hasira zangu, nikaamua, nikamwita mwoga yeyote atakayenipinga, kisha ndipo nikawauliza wanaonaje. Huyu ana kosa la kunyamaza. Aliyemfunga mdomo ni mimi."

Watu walipigwa na butwaa. Walikuja kumwona jemadari akihukumiwa, sasa wanamwona Amiri wao vumbini, tena kwa kutaka mwenyewe. Kadhi akauliza taratibu, "Mughithi, kama angekuuliza kwanza, kwa desturi yake, ungemwambia?"

Mughithi akalia. "Wallahi ningemwambia. Nilikuwa nalo mdomoni."

Hapo ndipo vilio vilipoanza uani, maana kila mfiwa alielewa kwamba neno la kuwaokoa watoto wao lilikuwamo barazani asubuhi ile, na halikutoka.

Kadhi akamgeukia mjane. "Mama Raihana, mwenye dai ni wewe. Wasemaje?"

Akawatazama wote wawili kwa muda mrefu. "Nilikuja kutaka shingo moja," akasema. "Sasa mnanionyesha mbili. Na hata mkinipa zote mbili, wanangu hawatapata maji." Akajifunga ushungi wake, akainuka. "Adui yuko njiani, na mjini humu bado wamo watoto wa wenzangu. Nendeni barazani mkaulizane."

Hakusema kwamba amesamehe, wala hakuna aliyethubutu kumwuliza. Kwa kuwa mwenye dai ameondoka, Kadhi hakutoa hukumu, na baraza likakutana jioni ile ile. Maakida waliobaki wengi walitaka kisasi. Amiri alinyamaza mpaka mwisho, na Mughithi akawapinga wote waziwazi. Amiri akalikubali shauri lake, wakaomba suluhu, wakaipata kwa masharti machungu, na mji ukasalimika.

Ndugu zangu, kila nikifika hapa mwili hunisisimka, maana namtafuta mtu mbaya katika kisa hiki simpati. Amiri alikuwa mcha Mungu, na jemadari alikuwa mtiifu, na watu wakafa kwa kiu. Ukweli waliusema, naye Mola ni Mwingi wa kupokea toba, lakini waliusema mbele ya mama aliyekwisha kufiwa. Wewe huna jeshi. Una mke, una watoto, pengine na vibarua wawili watatu. Leo ukifika nyumbani, kabla hujawaambia ulichoamua, waulize, kisha unyamaze mpaka wamalize.