Mbwa Asiyebweka

Mwaka wa 1953, kiangazi kilipokuwa kimekausha hata visima vya mchangani, watu wa Makulwa katika nchi ya Ugogo walianza kusema: mbwa huchaguliwa na zizi, si na jicho. Leo mmeisikia methali hiyo akiambiwa kijana anayetafuta mbwa wa kutisha, nanyi mkacheka. Asiyejua neno lilikotoka hana ruhusa ya kulicheka. Kaeni vizuri, methali hii ilianza hivi.

Alikuwako mfugaji aliyeitwa Lechipya. Nyumba yake ilikuwa tembe, yenye kuta nene na paa la udongo, haina dirisha hata moja, na nyuma yake palikuwa na zizi la miiba. Aliyelala ndani ya tembe hasikii mengi. Mbuzi hulia usiku kucha kwa baridi na kwa ugomvi wao, wala hakuna aamkaye kwa ajili yao. Mtu wa tembe huamshwa na mbwa. Kwa hiyo mbwa mzee wa Lechipya alipokufa, ilimpasa kutafuta mwingine upesi.

Zizini hamkuwa na mbuzi wake tu. Jirani yake Sechelela, mjane asiye na zizi, alikuwa amemwekea amana mbuzi mmoja wa maziwa. Binti wa mjane huyo alikuwa amefariki katika uzazi, akaacha mtoto mchanga, na mtoto yule aliishi kwa maziwa ya mbuzi yule. Kila asubuhi Sechelela alikuja na kibuyu, akakama, akarudi kwake.

Mjane ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpa Lechipya mbwa: jike dogo la rangi ya majivu, lililolelewa miongoni mwa vitoto vya mbuzi hata likalala juu yao. Lechipya alikwenda kulitazama. Lilimbwekea yeye, likawabwekea kuku, likaubwekea na ufagio ulioanguka. Alicheka, akasema kwamba mbwa wa namna hiyo angemwaibisha mbele ya wageni na kumwamsha kila jani linapodondoka. Sechelela alimjibu kwamba kuamshwa bure si hasara kubwa.

Lakini moyo wa Lechipya ulikuwa kwingine. Alikuwa amemwona mbwa wa msasi Ndahani akimwangusha tandala, na tangu siku hiyo hakutaka mwingine. Ndahani hakumficha kitu. Alimweleza kwamba mbwa wa msasi, angali mdogo, hupigwa puani kila abwekapo, mpaka anyamaze kabisa, asije akawashtua wanyama; hufungwa njuga shingoni ili bwana wake ajue alipo. Tena hufundishwa kwamba kinachokimbia hufuatwa mpaka kifikiwe. Maonyo hayo yote Lechipya aliyasikia kama sifa. Alimtoa beberu mnono, akaifungua ile njuga kwa kuwa mlio wake ulimchosha, akampeleka mbwa nyumbani.

Mkewe, Nyemo, alimzunguka yule mbwa, akamtazama.

“Baba Chilewa, huyu ana sauti?”

“Ana meno.”

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja Nyemo alitoka, akarudi, akamshika mumewe mkono, akamtoa nje. Zizi lilikuwa limebomolewa upande wa korongo. Mbuzi walikuwa wametapakaa, matumbo wazi, na wachache waliosalia wamebanana pembeni wakitetemeka. Nyayo zilieleza yote. Fisi mmoja alikuwa amekuja kwa mbele, kisha akakimbia. Mbwa akamfuata kimya, kama alivyofundishwa. Fisi wenzake wakaingia kwa nyuma. Ndani ya tembe watu walilala.

Jua lilipopanda, mbwa alirudi kutoka vilimani, mdomo umetapakaa damu ya fisi, akajilaza miguuni pa bwana wake akingoja kusifiwa. Lechipya aliinua rungu.

“Utampiga kwa kosa gani?” Nyemo akamwuliza.

Rungu likashuka. Siku ile ile mbwa alirudishwa kwa Ndahani, na beberu hakudaiwa.

Mbuzi wa Sechelela alikuwa miongoni mwa waliouawa. Desturi yao ilikuwa hii: mnyama wa amana akiuawa na fisi, mwenye zizi hupeleka ngozi, na deni huisha. Lechipya alichuna ngozi, akaipeleka. Alimkuta mjane akimnywesha mjukuu wake maji ya uji kwa ncha ya kidole, na mtoto akiyatema.

“Mama, fisi wameniingilia. Ngozi hii hapa.”

“Pole, mwanangu. Mbwa alipobweka, ulitoka na mkuki?”

“Hakubweka.”

“Basi ulitoka uliposikia nini?”

“Sikutoka, mama. Sikusikia.”

Sechelela aliikunja ngozi polepole. “Ngozi imeniletea habari za fisi. Habari za mlinzi sijaletewa.”

“Mbwa wangu amemwua fisi, mama. Fisi mzima.”

“Wapi?”

“Huko vilimani.”

“Mbuzi wangu alikuwa zizini.”

Lechipya aliaga. Alirudi kwake. Kati ya mbuzi waliosalia, mmoja tu alikuwa na maziwa, naye ndiye aliyemlisha kitindamimba wa Lechipya, ambaye hata meno hayajatimia. Nyemo alipoiona kamba mkononi mwa mumewe, alielewa. Aliomba amkame mara ya mwisho. Alichuchumaa, akakiweka kibuyu chini ya kiwele, kisha akakitwaa tena kikiwa kitupu.

“Mpeleke,” alisema. “Maziwa haya nayo si yetu.”

Sechelela alipomwona mbuzi mlangoni, alimkumbusha kwamba ngozi ilikwisha pokelewa na kwamba wazee wasingemdai chochote.

“Wazee hawakumchagua mbwa,” Lechipya akasema. “Nilichagua mimi. Mbwa huchaguliwa na zizi, mama, si na jicho.”

Akaiweka kamba mkononi mwake.