Ndege ya Makame na Wanja wa Bi Mashavu

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali maana ndege za chuma zilikuwa zimeshaanza kuruka, palikuwa na mji uitwao Kilulu. Siku moja ndege ilipita juu ya harusi, inang'aa, maharusi wakainua macho. Ndoa ile ikadumu mpaka mume na mke wakaishiwa meno. Watu wa Kilulu wakasema, kumbe dawa ni ndege! Tangu hapo hakuna kuoa bila ndege. Na kwa kuwa ndege ya kweli haiji kwa kuitwa, mwanamume alichonga ya mti, ya kubebeka kwapani, akaivika karatasi ya fedha, ile ing'aayo kama kioo, akaitundika mlangoni kwa bibi wa msichana.

Msicheke. Na nyinyi mna yenu.

Bibi mtu hukaa chini ya ndege, akajitazama kwenye bawa, akapaka wanja. Wanja ukikaa sawa, harusi. Wanja ukienda sikioni, mchumba arudi kwao mpaka mwakani. Sheria ilikuwa moja: aliyeing'arisha ndege ndiye mwenye kauli, msichana ataolewa na nani.

Sasa, palikuwa na msichana, Mize. Mize alimpenda Makame, fundi wa vitanda, tena alimpenda vibaya. Akisikia tu randa ya Makame inapita kwenye ubao, chapati inaungua.

Mwaka wa kwanza Makame aliipaka ndege rangi ya fedha, ile ya mapipa. Bi Mashavu, bibi yake Mize, akatazama, hakuona ila ukungu. Wanja ukaishia puani. Prrr! Mzee Faki, msimamizi wa ndege, akapuliza filimbi. Nenda zako.

Mwaka uliofuata akaivika karatasi za pakiti za sigara. Zikakunjamana. Bi Mashavu akajiona ana makunyanzi mengi kuliko aliyojaliwa, akazira chakula. Prrr! Nenda zako.

Mwaka uliofuata akaleta karatasi ya jikoni, ile ya fedha ya kufungia samaki, akaibandika kwa gundi ya mbao. Gundi ikatoa vipovu. Bi Mashavu akajiona ana majipu uso mzima, akakimbizwa zahanati, daktari akayatafuta majipu hakuyaona. Prrr!

"Mke mwenzangu," Bi Mashavu akamwambia Mize, "huyu mwanamume wako ananiua taratibu. Akishindwa tena, utaolewa na Vuai."

Vuai alikuwa mwenye duka la peremende. Alishajaribu kuchonga ndege yake, ikatoka muhogo wenye mabawa. Mize alilia siku hiyo, alilia kweli, bila madoido. Hakumchukia Vuai. Hakumtaka tu.

Makame naye akakaa, akafikiri, akaligundua kosa. Karatasi ya fedha haifichi kitu! Punje ya mchanga ikiwa chini yake, hiyo imejitokeza mbele ya watu. Basi akashika msasa, akasugua mti masika na kiangazi, akasugua mpaka inzi akitua anateleza. Vitanda vya watu vikalala bila kumalizwa, na watu wakalala chini.

Vuai akapita karakanani kwa Makame, akaiona ndege, akashika kichwa. "Makame! Ndege nzuri hivi, iko uchi?"

"Sina karatasi, ndugu yangu."

Vuai alikuwa na karatasi za chokoleti, nyembamba, nyororo. Lakini zilikuwa na chokoleti ndani, na joto la Kilulu mnalijua, ukiifungua tu imeyeyuka. Akakaa akazila zote, duka zima, mpaka tumbo likamkatalia. "Najua naivisha ndege ya mshindani wangu," akasema, amejishika tumbo, "lakini silali ikiwa uchi."

Karatasi ikapatikana, haishiki. Gundi ya mbao, vipovu. Uji wa muhogo, sisimizi. Bi Mashavu akachoka kuwatazama. "Leteni hapa! Uso si wangu?" Akavunja yai, akachukua ute, akabandika kipande kwa kipande. Akasawazisha kwa ukucha wa kidole gumba, akasugua kwa pamba, mpaka ukipitisha mkono hujui pa kuanzia karatasi wala pa kuishia.

Siku ikafika. Mji mzima mlangoni, pilau jikoni. Ndege ikang'aa hata jogoo akajiona bawani, akatangaza vita. Bi Mashavu akaketi, akainua wanja. Lo! Jua likapiga bawa, likamrudi machoni.

"Yallah! Nimepofuka!"

Mkono ukaanza safari ya sikioni. Mzee Faki akatia filimbi mdomoni. Mize akaruka, akavua kanga yake ya juu, akaitanda kati ya jua na bawa. Kivuli kikaingia. Mkono ukarudi. Wanja ukakaa sawasawa, jicho la kulia na la kushoto. Vigelegele!

"Aliyeing'arisha ndege asimame," akasema Mzee Faki.

Wakasimama watatu.

Makame akasema, "Mimi! Bila msasa wangu pangeonekana kila kishimo. Niliusugua mti ule, mzee, niliusugua!"

Vuai akasema, "Mimi! Mnachokiona hapo ni mti? Ni karatasi. Na tumbo langu ni shahidi."

Bi Mashavu akasema, "Karatasi na mti vilikuwa havisemezani, nani alivipatanisha? Ute wangu na ukucha wangu. Kauli ni yangu, na kauli yangu ni hii: Mize haolewi na yeyote. Atakaa nyumbani anipikie uji."

Mize alikuwa bado ameinua kanga, mikono inamuuma. Alimsubiri Makame ataje jina lake. Makame akautaja msasa. Akamsubiri tena. Makame akautaja mkia wa ndege. Moyo ukamuuma Mize, na kwa mara ya kwanza tangu ampende, akamkasirikia.

"Makame," akasema, "miaka yote hii ulikuwa unamposa nani, mimi au ndege?"

Makame akaitupia jicho ndege. Mize akaishusha kanga. Jua likapiga bawa, watu wote wakajifunika macho, na jogoo akakimbia.

"Mmeona?" akasema. "Bila kanga yangu hiyo si ndege, ni balaa. Kauli ni yangu mimi. Na mkinipa, msidhani mnajua nitamtaja nani."

Mzee Faki akapuliza filimbi, haikulia. Makame akaikumbatia ndege yake na kulia kwa sauti, "Mize wangu! Mize wangu!" Machozi yakadondoka bawani, naye akawa anayafuta haraka haraka kwa kanzu, yasije yakaiharibu karatasi. Na Mize akamwona akifuta.

Haya. Mti ni wa Makame, karatasi ni ya Vuai, ute ni wa Bi Mashavu, kivuli ni cha Mize. Mzee Faki amewageukia watu, nami nawageukia nyinyi, na semeni upesi, pilau linashika ukoko: je, kauli alistahili nani?