Bustani ya Simba Mpole

Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikishaanza sisimami.

Mwaka huo jua liliwaka nyikani mpaka nyasi zikawa zinavunjika zenyewe. Maji yalibaki mahali pamoja tu, chemchemi iliyokuwa nyumbani kwa Simba. Na nani, jamani, aende kunywa maji mlangoni kwa Simba? Wanyama wakahamia mbali, wakalamba matope. Simba naye akakosa kitoweo. Kuwafuata hakutaka, eti mfalme hakimbii. Aliyeumia zaidi ni Fisi, ambaye maisha yake yote alikuwa akila makombo ya Simba.

"Mzee, usiwafuate," Fisi akamwambia. "Waje wenyewe! Tupande bustani ya majani matupu, marefu, mazito, tuwaalike waje kupunga hewa. Wewe ujibanze huku, mimi nijibanze kule. Maua hapana. Maua yataleta nyuki watuharibie shughuli."

"Atapanda nani?"

"Si yupo Sungura? Kila anachopanda kinaota."

Sungura akaitwa. Alikuwa fundi bustani, mama wa watoto wadogo, na shimo lake lilikuwa karibu hapo. Fisi akamweleza mpango wote bila haya, kisha akamalizia, "Ukikataa, tunaanza na wanao."

Sungura akapiga hesabu. Akikubali, rafiki zake watauawa ndani ya majani aliyoyapanda kwa mkono wake. Akikataa, wanawe.

"Nani amekataa, mzee wangu?" akamwambia Simba. "Ila unaijua desturi yetu mafundi bustani. Jembe haliguswi kabla mwenye bustani hajaulizwa tabia yake mbele ya watu. Atakavyojieleza, ndivyo itakavyopandwa. Bustani isiyofanana na mwenyewe humletea mkosi."

"Mbele ya watu?" Fisi akaruka kwa furaha. "Safi kabisa! Si ndiyo mwaliko wenyewe huo!"

Basi wanyama wakaitwa, wakaja wakasimama mbali, kila mmoja na mguu mmoja nyuma tayari kutimua mbio. Sungura akauliza kwa sauti, "Bwana Simba, wewe ni mtu wa namna gani?"

Simba akatikisa manyoya ya shingo. "Mimi? Mimi ni mpole."

Swala akapaliwa na mate.

"Tena mkarimu. Changu ni cha wote. Na mkweli! Sijifichi, sijibanzi, moyo wangu uko wazi."

"Ongeza, mzee, ongeza!" Fisi akapiga makofi. Kisha akaona asisahauliwe. "Na mimi nataka kona yangu, kando ya njia. Iwe nzito."

"Na wewe tabia yako?"

"Mvumilivu," akasema Fisi bila kupepesa macho. "Natulia tuli. Na tamaa, wallahi, sina hata chembe."

Walicheka mpaka waliokuwa na kiu wakasahau kiu. Sungura hakucheka. Alichukua jembe akaenda zake kazini.

Bustani ilipokwisha kuota, Simba akaja kuitazama, akaduwaa. Mchicha. Matembele. Majani ya kunde. Yote mafupi, hakuna lililofika gotini kwake.

"Sasa hapa nitaji... nitakaa wapi?"

"Popote, mzee wangu. Si ulisema hujifichi? Na yote yanaliwa, kwa sababu chako ni cha wote. Ningepanda vichaka ningekuwa nimekutukana."

Simba akamgeukia Fisi kwa hasira, lakini Fisi alikwisha kuona kona yake kando ya njia, imefunga giza kwa majani. Akamnong'oneza, "Usijali, mzee. Nitamdaka mmoja pale, wewe umalizie." Ni majani gani hakuuliza. Yalikuwa upupu mtupu, na Sungura aliyapanda akiwa amejifunga majani ya mgomba mikononi.

Siku ya kufungua bustani, Fisi akatoa amri, "Watoto wa Sungura watangulie, wengine wasiogope." Wakatangulia, maskini, wakirukaruka kuelekea ile kona. Mama yao alikuwa nyuma, midomo inaomba upupu ufanye kazi yake.

Fisi ndani ya majani akaanza kuwashwa mkia. Mvumilivu akavumilia. Muwasho ukaja tumboni. Ukaja kwapani. Watoto wakakaribia, naye akafumbua mdomo awadake, upupu ukaingia puani.

"Yalaa!" Akachomoka, akajitupa katikati ya njia akigaagaa. "Kamata, mzee! Kamata hata hivi vitoto tule twende zetu, nakufa mie!"

Macho yote yakamgeukia Simba. Naye yuko pale katikati ya mchicha, anaonekana mzima, kuanzia kucha mpaka masikio, hana hata jani la kujifunika.

"Sijui anasema nini huyu," Simba akasema. "Mimi ni mpole."

"Na mkarimu," Swala akamkumbusha, mdomo umejaa matembele.

"Na... mkarimu."

Kwa aibu akamzaba Fisi kofi moja lililomfukuza pale moja kwa moja. Sungura aliwakumbatia wanawe akalia, wala hakujali nani anamtazama.

Tangu hapo kila asubuhi wanyama huja, hunywa maji, huila bustani mpaka mashinani. Simba akinguruma, wao humshukuru kwa ukarimu wake. Kitoweo anakifuata mbali, na huko anakimbia kama mtu mwingine yeyote.

Juzi Nyani naye alikwenda kwa Sungura kutaka bustani.

"Tabia yako ikoje?"

Nyani akatazama kulia, akatazama kushoto, akajikuna kichwa.

"Mwizi," akasema. "Wa mahindi, hasa."

Sungura akachukua jembe lake na mbegu za mahindi. "Yako itapendeza."