Tangazo la Bwana Ambokile

Sekela, fundi cherehani mwenye maneno matamu, alishonea kwenye kibaraza cha Bwana Ambokile, tajiri wa mashine ya mpunga. Siku moja tajiri akamsimamia kichwani.

“Ama nikuoe, ama cherehani yako itoke hapa leo.”

“Na Mama Atupele, mkeo?”

“Yule nilimuoa kanisani, na hayo ni mambo ya Mungu. Ndoa yenyewe ni mkataba wa serikali, na bomani mimi sijaoa.”

“Kumbe! Basi nimekubali. Ila niandikie maneno hayo na utie sahihi. Bomani wanataka tangazo likae ubaoni wiki tatu.”

Ambokile akacheka. “Nani anasoma ubao wa boma?”

“Hakuna,” akasema Sekela.

Tajiri akaandika, akatia sahihi.

Jumapili, Mama Atupele, mzee wa kanisa, alisimama kusoma matangazo kama kawaida yake. Akasoma kwamba kwaya itafanya mazoezi Alhamisi. Akafungua bahasha ya pili, iliyoletwa na Sekela, akaendelea kwa sauti ile ile: “Mimi, Ambokile, natangaza kwamba sijaoa.”

Kanisa zima likageuka. Ambokile alikuwa amezama kwenye kitabu cha nyimbo alichokishika kichwa chini miguu juu.

Jumatatu Mama Atupele alifika kibarazani na kitambaa cheupe.

“Nishonee gauni la harusi,” akamwambia Sekela, “na hiyo cherehani usiisogeze hata kidogo. Ndoa ya serikali kasema hajafunga. Tangazo nimeshabandika. Ataifunga na mimi.”