Unyayo wa Korongo

Paukwa, wenzangu.

— Pakawa.

Palikuwa na nini?

— Kiu, na baraza.

Kuna jambo nimelisimulia miaka mingi na bado sijalielewa. Korongo aliona kwa macho yake, na hata hivyo alikanyaga udongo. Kwa nini? Sikilizeni, labda mmoja wenu ataniambia.

Hapo zamani za kale, wanyama wa nyika walimchagua Tembo awe Rais wao. Tembo akateua mawaziri watatu. Pundamilia alishika safari. Ngiri alishika maji. Korongo, kwa kuwa aliruka mbali, alishika habari.

Desturi yao ilikuwa hii: neno la Rais halikuwa amri mpaka kila waziri akanyage udongo mbichi mbele yake. Aliyekanyaga amekubali, na huko nje atalisema kama neno lake mwenyewe.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Kisima kilibaki na maji ya siku mbili. Nje ya baraza ndama walilala chini, ndimi nje.

Tembo akasema, "Tunahamia ziwani, nyuma ya vilima. Ni mwendo wa siku tatu. Nani ana neno?"

Pundamilia akakanyaga. "Miguu yangu iko tayari, Mheshimiwa."

"Nani ana neno?"

Korongo akakanyaga, huku akitazama pembeni.

"Nani ana neno?"

Ngiri hakusogea.

"Ngiri, udongo unakauka."

"Naona, Mheshimiwa. Siukanyagi."

Masikio ya Tembo yakafunguka. Pundamilia akanong'ona, "Ndugu yangu, usitutafutie balaa."

"Unanipinga mbele ya wenzako?" Tembo akauliza.

"Nakupinga humu ndani, Mheshimiwa, kwa sababu huko nje sitakupinga. Hao ndama wakifika wakakosa maji, hawarudi. Nani amelitazama ziwa mwaka huu?"

Kisha mmoja mmoja wakamgeukia mwenye mabawa.

Korongo akasema, "Nilipita juu yake juzi. Limekauka. Chumvi tupu."

"Na ukakanyaga," Tembo akasema taratibu.

Korongo akautazama unyayo wake. Woga? Heshima? Au alidhani Rais anajua tayari? Sijui, na simhukumu.

Tembo akazifuta nyayo kwa mguu wake. "Ngiri, wewe unasemaje?"

"Chini ya mchanga wa mto kuna maji. Nimesikia harufu yake. Lakini pembe zangu ni fupi."

"Zangu ni ndefu."

Ikaamuliwa: hakuna kuhama, mto uchimbwe. Wote watatu wakakanyaga, Korongo wa mwisho. Yeye ndiye aliyetumwa kuwatangazia wanyama, na kuwaeleza kwa kinywa chake alichokiona ziwani. Pundamilia akawaongoza ndama hadi mtoni. Ngiri akaonyesha mahali. Tembo akachimba mpaka jua likachwa, na maji yakatoka, machafu, lakini maji.

Basi, kiongozi huwaweka wenzake barazani wamwonyeshe asichokiona. Anayejua akanyamaza, kiti chake ni kitupu hata akikikalia.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye kiu na ainywe.

— Tumekunywa.