Herufi ya Tumpe

Kaeni mkao wa kuamua, kusikiliza peke yake hakutoshi.

Walikuwapo wanafunzi watatu wa eksirei, wakimalizia mafunzo katika hospitali moja ya wilaya. Kundaeli alijaliwa mikono ya kumweka mgonjwa sawa mbele ya mashine. Tumpe alijaliwa kutosahau. Zamoyoni alijaliwa ubishi. Nafasi ya ajira ilikuwa moja; kila asubuhi Zamoyoni aliisoma upya ubaoni, ikabaki moja.

Akaletwa Mzee Likwata, anahema juu juu, maji yamemjaa kifuani. Wengine wangempiga picha amelala, yaishe. Kundaeli alimketisha wima, kidevu juu, mabega mbele. "Babu, vuta hewa, uizuie kama siri." Maji yakatulia chini, yakaonekana.

Kabla ya mionzi, Tumpe alibandika herufi yake ya madini ya risasi, R ya "right", upande wa kulia wa mzee, itokee pichani. Wenzake walizoea kuiandika baadaye kwenye kompyuta, kwa kukisia.

Picha ikatoka: maji kushoto, moyo kulia. Msimamizi wao, Bwana Mgaya, akacheka. "Moyo hata wa mbuzi uko kushoto. Mmegeuza, wanangu." Akaipindua kwa kubofya mara moja, akaandika R yake, akaituma kwa daktari, akaenda kunywa chai.

Zamoyoni akabaki anaikodolea skrini. Pembeni, herufi ya Tumpe ilikuwa imegeuka, kama inavyoonekana kwenye kioo. Basi mgonjwa hakukosewa. Picha ndiyo iliyopinduliwa; moyo wa mzee huyu uko kulia kweli. Alikimbia wodini, akakuta sindano ya kutolea maji imeelekezwa kulia, moyo ulipo.

"Daktari, usichome. Mguse kwanza kifua."

Daktari akagusa. Moyo ulikuwa ukidunda kulia. Akahamia kushoto.

Mzee akapona. Cheti cha pongezi akapewa Mgaya, kwa usimamizi makini, akakitundika juu ya meza yake. Ile ajira, daktari akawaambia watatu wale wamletee jina moja kwenye karatasi, wenyewe.

Walikuwa marafiki mpaka saa nne asubuhi ile.

"Bila mimi maji yasingeonekana," alisema Kundaeli.

"Na bila herufi yangu, huyu Zamoyoni angekimbilia nini?" akauliza Tumpe.

Zamoyoni alisema kwamba bila miguu yake wangekuwa matangani. Akajisikia akisema, akaona aibu, lakini kalamu hakuiachia.

Karatasi bado haina jina. Je, wewe ungeandika la nani? Na ukishaandika, ungewatazamaje wale wawili?